Jinsi ya Kuchagua Blo-ofu ya Gari Lenye Tabo

Blo-ofu ni vali ndogo inayokaa kwenye njia ya hewa kati ya tabo (kifaa kinachozungushwa na moshi wa eksozi ili kiishindilie injini hewa) na injini, na kazi yake ni moja tu: kuipa njia hewa iliyoshindiliwa pale throto, yaani kilango cha hewa cha injini, inapofungwa ghafla. Dereva anapokanyaga mafuta, tabo huzunguka kwa kasi inayoweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika na kuisukuma hewa kupitia intakula (kipoza hewa) hadi kwenye injini. Anapoachia mafuta ili abadili gia, throto hufunga mlango, ilhali tabo bado inazunguka na bado inasukuma. Hewa hiyo ikikosa pa kwenda hurudi ilikotoka na kuyapiga mapanga ya kompresa, ule upande wa tabo unaoshindilia hewa, kwa nyuma, na hapo ndipo unaposikia ule mlio wa kutatarika, stu-tu-tu-tu, ambao wengi huudhani kuwa ndiyo sauti ya blo-ofu. Sivyo. Mlio ule ni wa gari lisilo na blo-ofu, au lenye blo-ofu isiyofunguka ipasavyo. Vali inayofanya kazi na kutoa hewa nje hupumua mara moja, pssh, kisha ikanyamaza. Ile inayorudisha hewa ndani huenda usiisikie kabisa.

Nimeanza na hili kwa sababu sauti ndiyo inayouza vali hizi, na kwa maoni yangu ndicho kigezo kinachowapotosha wanunuzi kuliko vingine vyote. Vali inapaswa kuchaguliwa kwanza kwa kuangalia jinsi kompyuta ya gari inavyopima hewa, pili kwa ombwe (mvuto unaotokea shinikizo likiwa chini ya lile la nje) lililomo kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, kisha ukubwa na ubora wa kutengenezwa kwake. Sauti ije baada ya hayo yote, ikiwa bado ina nafasi.

Hatua ya kwanza: jiridhishe kwamba unahitaji vali mpya

Ikiwa gari lako ni la dizeli, kazi imeishia hapa. Injini ya dizeli hudhibiti nguvu zake kwa kupunguza au kuongeza mafuta, si kwa kuizuia hewa. Hata dizeli za kisasa zenye kilango kwenye njia ya hewa hazikitumii kwa namna injini ya petroli inavyoitumia throto yake. Hewa haikutani na mlango uliofungwa, kwa hiyo blo-ofu haina la kufanya. Vifaa vinavyouzwa kwa ajili ya dizeli hufunguliwa kwa umeme dereva anapoachia pedeli, na havifanyi lingine ila kutoa mlio na kumwaga hewa ambayo ingebaki ndani ya mfumo.

Kwa gari la petroli, jua kwamba karibu kila gari la tabo hutoka kiwandani likiwa tayari na vali ya kazi hii. Mara nyingi ni kitu cha plastiki nyeusi chenye umbo la uyoga, kikiwa na mpira mwembamba unaoingia juu na mpira mnene unaokwenda kwenye bomba la hewa lililo kabla ya tabo. Kabla ya kununua nyingine, ipime hiyo. Zima injini, acha ipoe, chomoa mpira mwembamba, kisha vuta hewa kwenye kile kichuchu cha juu kwa pampu ya mkono ya ombwe, au kwa mdomo kupitia kipande cha mpira kilicho safi. Vali inapaswa kufunguka, na ukiuziba mpira kwa ulimi inapaswa kubaki wazi bila kulegea. Ikirudi yenyewe taratibu, kiwambo cha ndani, yaani utando wa mpira, kimetoboka.

Niliwahi kuishika vali moja ambayo kwa nje haikuwa na hata mkwaruzo. Gari ilikotolewa lilikuwa limepoteza nguvu na limeshabadilishiwa sensa mbili bila kupona. Niliiinamisha vali ile chini ya tochi na kuusukuma mpira wa ndani kwa ncha ya kidole, na kwenye mkunjo wa kiwambo ukafunguka ufa mwembamba wenye urefu wa ukucha, ambao kidole kikiondoka ulijifunga tena usionekane. Kila busti (shinikizo la hewa ya tabo) ilipopanda, hewa ilikuwa ikipenya hapo. Dakika tano za kuvuta kwa mdomo zingeokoa gharama za sensa zote mbili.

Vali ya kiwandani ikiwa nzima, na busti ikiwa ni ile ile iliyowekwa na mtengenezaji, ninashauri uibakishe. Ikiwa imekufa na gari halijaongezwa nguvu, vali mpya ya aina ile ile ndiyo jibu sahihi mara nyingi kuliko watu wanavyopenda kukubali. Wamiliki wa Volkswagen na Audi zenye injini ya 1.8T wanaijua vali ya plastiki ambayo namba yake huishia na 710N; ni ya kiwambo cha mpira, haina urembo wowote, na imefungwa hata kwenye magari mengi yaliyopandishwa busti. Sababu za kweli za kuondoka kwenye vali ya kiwandani ni tatu: busti imepandishwa kiasi kwamba vali inavuja ikiwa imefungwa, tabo imebadilishwa kwa kubwa zaidi, au plastiki na kiwambo vimekuwa vikifa mara kwa mara.

Hatua ya pili: jua gari lako linapimaje hewa

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu makosa mengi hutokea hapa. Ili kompyuta ijue inyunyize petroli kiasi gani, inahitaji kujua kiasi cha hewa kinachoingia kwenye injini, na kuna njia mbili kuu za kukijua.

Njia ya kwanza ni sensa inayopima hewa yenyewe inapopita, ambayo mafundi huiita eaflo na ambayo kwenye michoro huandikwa MAF. Hukaa kwenye bomba mara tu baada ya boksi la filta, kabla ya tabo. Njia ya pili ni sensa inayopima shinikizo ndani ya manifoldi, inayoandikwa MAP, na kompyuta ikalijumlisha shinikizo hilo na joto la hewa na kasi ya injini kupata hesabu yake. Sensa hii ni ndogo, imefungwa juu ya manifoldi au imeunganishwa nayo kwa mpira mwembamba.

Tofauti yake kwa blo-ofu ni hii. Gari lenye eaflo huihesabu hewa kabla haijafika kwenye tabo. Ukifunga vali inayomwaga hewa nje, kila unapoachia mafuta unatupa hewa ambayo tayari imeshahesabiwa. Kompyuta haina habari kwamba hewa hiyo imeondoka, kwa hiyo inanyunyiza petroli ya kutosha hewa yote. Petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta. Hewa ikipungua ghafla na mafuta yakabaki pale pale, mchanganyiko unakuwa mzito. Moshi mweusi hutoka kwenye eksozi, milipuko midogo husikika, na gari linapokaribia kusimama sailensa (mzunguko wa injini pasipo kukanyaga mafuta) hushuka, huyumba, na wakati mwingine injini huzimika kabisa. Yakiendelea hivyo kwa muda mrefu, mafuta yasiyoungua huenda kuungulia ndani ya kataliti, kisafisha moshi cha eksozi, na kuiharibu kwa joto.

Niliyajua haya kwa kuyapitia. Gari langu lilikuwa na eaflo, na gereji iliyonifungia vali ya kutoa nje ilinihakikishia kwamba kompyuta ingejizoesha yenyewe. Haikujizoesha. Wiki chache baadaye nilizifungua plagi, na zote nne zilikuwa zimevaa masizi meusi makavu kama ya kibatari, yanayobaki kwenye kidole ukizipangusa. Kompyuta hujifunza makosa yanayodumu. Tukio la nusu sekunde linalotokea kwenye kila gia hailijifunzi, na hakuna marekebisho ya springi yanayoweza kuliondoa.

Subaru Impreza WRX, Nissan zenye injini ya SR20DET na Volkswagen za 1.8T ni miongoni mwa magari yanayotumia sensa ya kupima hewa inapopita, na Mitsubishi Lancer Evolution hufanya kazi hiyo kwa sensa iliyo ndani ya boksi la filta. Usilidhanie gari kwa jina la injini peke yake, hata hivyo. Injini ya Toyota 2JZ-GTE iliyouzwa Japani ilitumia sensa ya shinikizo, ilhali ile iliyouzwa Marekani ilitumia eaflo. Chuma ni karibu kile kile, lakini jibu la swali letu ni tofauti kabisa. Fungua boneti, fuata bomba kutoka kwenye filta hadi kwenye tabo kwa mkono wako, na uone kama kuna sensa yenye waya iliyochomekwa humo. Magari kadhaa mapya yana sensa zote mbili. Hayo yahesabu kama ya eaflo.

Hatua ya tatu: amua hewa iende wapi

Ukishalijua jibu la hatua iliyopita, uamuzi huu unakuwa mwepesi. Gari lenye eaflo lifungiwe vali ya kurudisha, yaani ile inayoichukua hewa na kuirejesha kwenye bomba lililo kati ya eaflo na mdomo wa tabo. Hewa iliyohesabiwa inabaki ndani, na zaidi ya hapo inaingia tena kwenye kompresa ikiwa bado na mwendo, jambo linaloisaidia tabo isipoteze kasi sana kati ya gia moja na nyingine. Gari lenye MAP pekee linaweza kutumia aina yoyote kati ya hizo mbili bila kuvuruga hesabu ya mafuta, kwa kuwa kompyuta huangalia kilichomo ndani ya manifoldi tu na haijali kilichomwagwa njiani.

Ipo aina ya tatu, ya mseto, ambayo hurudisha sehemu ya hewa na kutoa nje sehemu iliyobaki. Baadhi ya vali za GFB na Turbosmart, kampuni mbili za Australia, zimetengenezwa hivyo. Kwenye gari lenye eaflo mseto hupunguza tatizo bila kulimaliza. Ikiwa ndiyo uliyo nayo, izibe njia ya nje kwa kizibo kinachouzwa pamoja nayo na uitumie kama ya kurudisha.

Isipokuwa gari lako limehamishiwa eaflo baada ya intakula, karibu na throto, jambo ambalo hufanywa na watengenezaji wa magari ya mashindano na ya nguvu nyingi. Hapo vali ikiwa kabla ya sensa inaweza kutoa nje bila madhara, maana hewa inayomwagwa bado haijahesabiwa.

Kuhusu sheria, hewa inayotoka kwenye blo-ofu si moshi wa eksozi, lakini ina mvuke wa mafuta ya injini unaotoka kwenye njia ya upumuaji wa injini, na ina kelele. Kuna mahali ambapo gari lenye vali ya kutoa nje hukataliwa kwenye ukaguzi kwa sababu hizo, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga, si baada ya kukataliwa.

Hatua ya nne: pima ombwe, ndipo uchague springi

Ili uelewe springi, tazama jinsi vali ilivyo ndani. Upande wa juu wa pistoni au kiwambo umeunganishwa kwa mpira mwembamba na manifoldi, baada ya throto. Upande wa chini unaguswa na hewa inayotoka kwenye tabo. Unapokanyaga mafuta, shinikizo la juu na la chini hulingana au hukaribiana, na springi ndiyo inayoamua: vali hubaki imefungwa. Unapoachia, manifoldi huingia kwenye ombwe na kuivuta pistoni juu, huku busti iliyonaswa kwenye mabomba ikiisukuma kutoka chini. Nguvu hizo mbili huishinda springi na vali hufunguka.

Kutokana na hayo unaona kwamba usemi unaorudiwa sana, kwamba busti kubwa inahitaji springi ngumu, kwa kawaida si sahihi. Busti iko pande zote mbili. Ikipanda chini, hupanda na juu pia. Springi huchaguliwa kwa ombwe. Vali inayovuja busti ikipanda mara nyingi ina kiwambo kibovu, oringi (pete ya mpira ya kuzuia mvujo) iliyochakaa, au mpira mwembamba uliopasuka ambao hauipelekei pistoni shinikizo la juu, na kuikaza springi ni kulificha tatizo.

Funga geji ya ombwe kwenye manifoldi, pasha injini hadi joto la kawaida, iache kwenye sailensa na usome. Injini yenye kamshafti ya kiwandani na isiyovuja huonyesha takriban inchi 18 hadi 22 za zebaki, sawa na kilopaskali 61 hadi 75. Injini iliyowekewa kamshafti kali inaweza kuonyesha inchi 10 hadi 14 tu, yaani kilopaskali 34 hadi 47. Soma mara ya pili ukiwa umewasha kiyoyozi, kwa sababu mzigo hupunguza ombwe. Andika namba zote mbili na uende nazo unaponunua. TiAL, kwa mfano, huuza vali yake ya Q ya milimita 50 ikiwa na springi za viwango mbalimbali zinazochaguliwa kwa kusoma ombwe hilo, na muuzaji asiyekuuliza namba hiyo anakuuzia kwa kubahatisha.

Jambo moja husahauliwa: ombwe la geji hutegemea mwinuko wa mahali ulipo. Usawa wa bahari shinikizo la hewa ni karibu kilopaskali 101, na kwenye mwinuko wa mita 2,000 hushuka hadi karibu 80. Injini ile ile ikihitaji kilopaskali 33 ndani ya manifoldi ili isimame kwenye sailensa, geji itaonyesha ombwe la 68 chini na 47 tu huko juu. Springi iliyofanya kazi vizuri pwani inaweza kugoma kufunguka mlimani ukiachia mafuta kidogo kidogo, na utausikia tena ule mtataro. Anayeendesha sehemu zote mbili achague vali yenye skrubu ya kurekebisha mkazo, au achague springi kwa namba ya mahali palipoinuka.

Kwa vali ya kutoa nje, hakikisha kwamba inabaki imefungwa kwenye sailensa. Ikiwa springi ni laini mno, vali hukaa wazi, na injini huvuta hewa kupitia hapo: hewa isiyohesabiwa na isiyochujwa, vumbi na mchanga moja kwa moja hadi kwenye silinda. Iguse kwa kidole gari likiwa kwenye sailensa. Ukihisi inanyonya, kaza springi au badilisha. Vali za mfumo wa HKS Super SQV hazina wasiwasi mkubwa wa aina hii, kwa kuwa zimepangwa ili shinikizo la hewa liifunge vali badala ya kuisukuma ifunguke, na zina mlango mdogo unaoanza kufunguka kabla ya ule mkubwa. Kwa vali ya kurudisha, kukaa wazi kidogo kwenye sailensa hakudhuru, kwa sababu hewa inayopita hapo tayari imechujwa na kuhesabiwa.

Hatua ya tano: kiwambo au pistoni

Kiwambo ni chepesi, hufunguka haraka hata kwa ombwe dogo, na hakihitaji grisi. Udhaifu wake ni mpira kuchoka kwa joto na mvuke wa mafuta. Pistoni ya alumini hustahimili joto na shinikizo kubwa kwa miaka mingi, lakini hukwama ikichafuka na huhitaji kufunguliwa, kusafishwa na kupakwa grisi nyepesi isiyokula mpira. Mtu asiyependa kufungua vitu apendelee kiwambo cha ubora mzuri na akubali kukibadilisha kikifika mwisho wake. Mimi hutumia pistoni, na huisafisha kila ninapobadilisha plagi.

Hatua ya sita: ukubwa

Vali nyingi za kiwandani zina tundu la takriban milimita 25, nazo zinatosha kwa busti ya kawaida. Tundu la milimita 50 si mara mbili ya hilo bali mara nne, kwa sababu eneo lake ni milimita za mraba 1,963 dhidi ya 491. Hilo ni la tabo kubwa. Kwenye tabo ndogo, vali kubwa humwaga hewa yote ya mabomba hata unapoachia mafuta kwa sekunde moja, na ukikanyaga tena unasubiri mabomba yajae upya. Tabo ya kiwandani yenye busti iliyopandishwa kidogo haihitaji zaidi ya ukubwa wa kiwandani wenye vifaa vigumu zaidi.

Hatua ya saba: ikiwa vali yako ni ya umeme

Magari mengi mapya, zikiwamo Volkswagen na Audi zenye injini za 2.0 TFSI, hayana mpira wa ombwe kwenye vali. Vali imefungwa moja kwa moja kwenye nyumba ya tabo na hufunguliwa na koili ya umeme kwa amri ya kompyuta. Hapa usihangaike na springi wala geji ya ombwe. Matoleo ya mwanzo ya vali hizi yalikuwa na kiwambo cha mpira ambacho kilijulikana kwa kuchanika, na baadaye yakaja matoleo ya pistoni yanayoingia mahali pale pale. Mara nyingi kununua toleo hilo jipya kunatosha. Chaguo lingine ni vifaa kama DV+ ya GFB, vinavyoibakisha koili ya kiwandani na kubadilisha sehemu inayofunga tu. Ninavipendelea kuliko vile vinavyoiondoa koili kabisa na kurudi kwenye ombwe, kwa sababu kompyuta huendelea kuiona koili yake na taa ya injini haiwaki.

Hatua ya nane: ikague kabla ya kulipa

Vali za chapa zinazojulikana zinaigwa kwa wingi, na nakala zake hufanana nazo hadi kwenye rangi. Usitazame nembo, tazama kazi. Bonyeza pistoni kwa kidole gumba: inapaswa kushuka na kurudi kwa ulaini mmoja, bila kukwaruza wala kusita njiani. Pitisha ukucha kwenye ukingo ambapo pistoni hukaa ikifunga. Ukihisi kijino cha chuma kilichoachwa na mashine, hapo ndipo hewa itakapovujia. Oringi ikae ndani ya mfereji wake bila kupinda. Muulize muuzaji kama springi, oringi na kiwambo vya akiba vinapatikana peke yake. Vali isiyo na vipuri utaitupa nzima siku ambayo mpira mdogo umechoka.

Hakikisha pia kitako cha vali kinalingana na mahali pa kuifunga. Vali ya Subaru inayokaa juu ya intakula ina kitako cha bolti mbili ambacho hakiingii kwenye gari lingine, na kuunganisha kwa adapta tatu za mpira na klempu ni kujitengenezea sehemu tatu za kuvuja.

Hatua ya tisa: ifunge na uipime

Ukiwa na nafasi ya kuchagua mahali, iweke baada ya intakula, karibu na throto, kwa kuwa hewa ya hapo imeshapoa na oringi hudumu zaidi. Mpira mwembamba utoke kwenye kichuchu chake peke yake juu ya manifoldi, uwe mfupi, wenye tundu la milimita 4 hadi 6, na ufungwe kwa klempu pande zote mbili. Usiuchukue kutoka kwenye mpira wa breki, ambao una vali ya njia moja ndani yake, wala usiugawanye na geji au kidhibiti cha mafuta. Kila kiungo cha ziada hucheleweshea vali ishara yake. Kwa vali ya kurudisha, mpira mnene uwe mgumu kiasi cha kutokufinyika tabo inapovuta, na uingie kwenye bomba mbali na eaflo, ukielekea tabo, ili mpulizo wake usirudi kuichanganya sensa.

Kabla ya kwenda barabarani, tafuta mivujo. Ziba mdomo wa tabo kwa kizibo chenye kichuchu, ingiza hewa polepole kuanzia shinikizo la nusu ya baa, usizidishe busti ya kawaida ya gari lako, na usisimame mbele ya kizibo kwa sababu kinaweza kuruka. Paka maji ya sabuni kuzunguka vali na klempu zote. Mapovu yanayokua kwenye ungio la vali ni dalili ya gasketi iliyokaa vibaya. Mapovu yanayotoka kwenye tundu la kutolea hewa yana maana kwamba pistoni haifungi. Usiihukumu vali kwa kipimo hiki ikiwa hujaipelekea shinikizo lile lile kwa juu: throto ikiwa imefungwa, busti iko chini peke yake, na hata vali nzima inaweza kupumua. Fungua throto kidogo ili hewa ifike kwenye manifoldi, kisha pima tena.

Barabarani, mahali palipo salama, panda hadi gia ya tatu, vuta hadi mizunguko 4,000 hivi, kisha achia mafuta ghafla na usikilize. Rudia ukiachia nusu tu. Ukitoka mtataro unapoachia nusu, legeza springi robo ya mzunguko wa skrubu na ujaribu tena, na usiache kuangalia kama vali bado imefungwa kwenye sailensa.

Mwishoni chomeka skana na usome marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imejizoesha kuongeza au kupunguza, baada ya siku mbili tatu za kuendesha. Kwenye gari la eaflo, namba ikipanda juu ya asilimia 10 kwenye sailensa, kuna hewa inayoingia bila kuhesabiwa, na pa kuanzia kutafuta ni ule mpira mwembamba na ungio ulilolifunga. Sailensa ikiwa sawa lakini mchanganyiko ukawa mzito busti inapopanda, hewa iliyohesabiwa inatoka nje ya mabomba, na unarudi kwenye maji ya sabuni.